Sororiti ya binti yangu: niliambiwa dola 480, nimeshalipa 3,173. Naomba nitoe povu

Wakuu, salaam. Mods mkiona uzi huu unafaa jukwaa la elimu uhamisheni, ila msiufute. Nimetoka zamu ya usiku na badala ya kulala nimekaa na kikokotoo.

Mimi ni mama wa Kitanzania, nipo Marekani mwaka wa 14, jimbo moja la kusini. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, dola 17 kwa saa. Binti yangu wa kwanza ana miaka 19, yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu. Mwezi wa nane, wiki moja kabla ya masomo kuanza, alinipigia simu akilia kwa furaha kwamba amechaguliwa sororiti. Nikapiga vigelegele palepale kwenye maegesho ya kazini, mpaka mlinzi akatoka kuchungulia. Sikujua nashangilia nini.

Kwa ambao hamjakutana na haya mambo: sororiti ni vyama vya wasichana wa vyuo vya Marekani. Vina majina ya herufi za Kigiriki, viapo vya siri, beji, rangi zao na nyumba zao. Umoja wao mkubwa, National Panhellenic Conference, ulianza 1902 na una sororiti 26. Ya binti yangu ni mojawapo, siitaji. Hasira imenifanya nisome mpaka historia. Kumbe hata kuviita vyama hivi sororiti kulipendekezwa na mwalimu wa Kilatini wa Chuo Kikuu cha Syracuse, kutokana na soror, yaani dada. Haya, sasa niwaambie udada unauzwaje.

Kuna wiki ya kuchaguana, wao wanaiita rashi. Wasichana wanazunguka nyumba hadi nyumba, wanaimbiwa, wanapewa maji ya limau, wanaulizwa wametoka wapi na wanapenda nini, na kila siku nyumba zinapungua mpaka zibaki mbili. Kujiandikisha tu ni dola 150, na hazirudi hata kama hakuna nyumba iliyokutaka. Kila siku ina vazi lake. Mwanangu alitoka kwangu na masanduku mawili ya nguo, lakini ikaonekana hakuna hata nguo moja inayofaa siku ya tatu, wala viatu vya siku ya nne. Dola 410. Nikalipa, nikisema moyoni mtoto asije akaonekana ametoka porini.

Nilimuuliza mapema kabisa, nakumbuka nilikuwa nakaanga samaki: "Mama, hiyo kitu ni bei gani?" Akajibu, "Mama, wamesema ada ni mia nne na themanini kwa muhula." Nikapiga hesabu: zamu mbili za ziada na chenji. Hainiui.

Hakudanganya. Ndivyo alivyoambiwa, na ada ya tawi (yaani kundi la sororiti yao hapo chuoni) kweli ni 480. Ila hakuna aliyemwambia kwamba ada ya tawi ni mlango tu.

Siku ya mwisho ya rashi wanasaini karatasi jioni ileile, wakitoka kwenye nyumba ya mwisho. Karatasi ile inafunga. Ukisaini, nyumba uliyoiandika ikakupa nafasi, kisha ukaikataa, huruhusiwi kuingia sororiti nyingine yoyote ya umoja ule chuoni hapo mpaka rashi kubwa ya mwaka unaofuata. Mtoto wa miaka 19, hajalala siku tano, kavaa viatu vya kukopa, anapewa kalamu. Atampigia nani simu aulize kuhusu ada ya jengo?

Wiki mbili baadaye bili ikaja kwenye barua pepe YANGU, maana kwenye fomu ya mlipaji kaniandika mimi. Ada ya tawi 480, sawa. Ada ya mwanachama mpya 120. Ada ya kuapishwa 275. Beji 160, kidude kama kifungo cha shati. Makao makuu ya taifa 95. Bima 60. Mfuko wa jengo 350. Halafu kuna 225 ya "matumizi ya ukumbi" kwa wasioishi ndani ya nyumba, yaani unalipia sebule usiyolala. Chakula cha pamoja cha Jumatatu 310, ule usile, na wangu Jumatatu jioni ana maabara. Picha ya ukutani 45. Jumla 2,120. Ukilipa kwa kadi wanakata asilimia 3 juu yake, hiyo wala sikuijumlisha.

Nikampigia simu mweka hazina wa tawi. Wakuu, ni binti wa miaka 20, anaongea kama ofisa mikopo wa benki. Akaniambia kwa upole sana kwamba mwanachama ni binti yangu, hivyo masuala ya akaunti yake hawezi kuyajadili na mimi. Nikamwambia mwanangu, bili mmenitumia mimi! Akasema anaelewa hisia zangu.

Hapo bado hatujafika kwenye fulana. Kila tukio lina fulana yake: siku ya kukaribishwa, wikendi ya wazazi, siku ya kuchangia hisani, mechi ya nyumbani, Halloween. Mpaka Desemba zilikuwa tisa, dola 238. Dansi rasmi ya mwisho wa muhula, gauni na tiketi, 180. Na faini! Kumbe kuna faini. Alikosa vikao vitatu kwa sababu ya zamu yake ya maktaba, kazi aliyoitafuta ili asaidie kulipa hiyo ada, wakamtoza 25 kila kimoja. Unatozwa kwa kwenda kutafuta hela ya kuwalipa.

Weka pamoja: 2,120 za bili, 150 za kujiandikisha, 410 za nguo, 238 za fulana, 180 za dansi, 75 za faini. Dola 3,173 kati ya Agosti na Desemba. Kwa mshahara wangu ni saa 186 na ushee za kugeuza wazee vitandani, na hapo kodi haijakatwa. Mwezi wa kumi na moja nilishindwa kutoa zamu yangu ya upatu, mara ya kwanza tangu tuuanzishe na kina mama wenzangu wa Kibongo hapa mjini. Nikadanganya kwamba gari limeharibika. Mnisamehe kama mmo humu.

Sasa, nilipomfokea, aliniweza kwa swali moja. "Mama, kwani ninyi si mnashona sare za harusi kila mwezi? Si mnachangishana?" Nikakata simu. Baadaye, nikiwa nakunja nguo, ndipo jibu lilipokuja. Kamati ya harusi inanipa kadi, kadi ina kiasi: singo hiki, dabo hiki. Nikishindwa namvuta mweka hazina pembeni namwambia nipunguzie, ananipunguzia, na sherehe nakula. Hakuna kamati iliyowahi kunitumia bili ya turubai wiki mbili baada ya kula pilau. Na bi harusi akishaondoka, deni langu limekwisha.

Siwapingi hawa wasichana, niwe mkweli. Chuo kile kina watoto elfu kadhaa wa mwaka wa kwanza, na wangu mwezi wa kwanza alikuwa anakula chipsi kitandani peke yake. Alipougua mafua Oktoba, wenzake wawili wa nyumba ile walimpelekea supu na kumwandikia noti za somo. Mimi nilikuwa mwendo wa saa nne kwa gari, ningefanya nini? Hilo nawashukuru. Hasira yangu ni ya hesabu. Kama jumla ya mwaka mzima ingewekwa mezani kabla ya ile kalamu, labda ningesema ndiyo, nikajipanga tangu Mei. Na kama ningesema hapana, ningekuwa nimeikataa gharama ninayoijua.

Tena kumbe kijitabu cha rashi kina ukurasa wa gharama. Nimeutafuta mwenyewe juzi, uko huko nyuma, umeandikwa kiwango cha chini, wastani na kiwango cha juu kwa nyumba zote kwa pamoja. Wastani! Unamwambia mtu bei ya wastani ya gari, halafu unamkabidhi ufunguo wa gari usilolitaja. Na kumbe ungeweza kulipa kwa awamu, kila mwezi, bila riba, ila lazima uombe kabla ya tarehe fulani ya Septemba. Nimejulia wapi? Kwa mama mwingine, kwenye foleni ya choo, wikendi ya wazazi.

Msije mkadhani misaada ya masomo inagusa haya. Sororiti haimo kwenye gharama za masomo ambazo chuo kinazipigia hesabu wanapokupa msaada. Wale wenye akiba ya elimu ya 529 (akiba ya chuo yenye nafuu ya kodi), ada za sororiti hazikubaliki, ukitoa hela huko kulipia beji utakatwa kodi kwenye faida na adhabu juu. Kinachoweza kukubalika ni chumba na chakula akiishi kwenye nyumba yao, tena kwa kikomo cha kiwango ambacho chuo chenyewe kimekipanga kwa malazi.

Na hilo la nyumba ndilo lililonifanya nifungue huu uzi. Jana kanitumia mkataba. Mwaka wa pili wanatakiwa kuishi ndani ya nyumba, ili vitanda vijae na deni la jengo lilipike. Dola 4,600 kwa muhula, chumba cha watu wanne na chakula siku tano. Jumamosi na Jumapili kila mtu na lake. Wenzake wasio na sororiti wanachangia apatimenti kwa dola 650 kwa mwezi kila mmoja. Mkataba unamtaka mzazi asaini kama mdhamini. Asipoishi humo, kuna "ada ya kitanda kitupu". Akijitoa katikati ya mwaka, anaendelea kudaiwa, na deni lisipolipwa linaweza kupelekwa kwa kampuni za kukusanya madeni. Mimi rekodi yangu ya mikopo nimeijenga miaka 14 kwa kulipa bili ya simu kwa wakati, leo niifunge kwenye kitanda cha ghorofa!

Tarehe ya mwisho ni ijumaa ijayo. Kuna mtu humu amewahi kuomba mwanawe asamehewe kuishi kwenye nyumba kwa sababu ya uwezo, akakubaliwa? Uliandika kwa nani, kwa tawi, au kwa lile shirika la wanachama wazee linalomiliki jengo? Na je, akibaki mwanachama, kuna daraja la ada ndogo? Nasikia wengine wanawapa wenye shida nafuu au ufadhili kutoka makao makuu, ila kila ninayemuuliza ananiambia nimuulize mweka hazina, na mweka hazina anaelewa hisia zangu.

Naingia kazini saa tano usiku. Nitasoma majibu alfajiri.

NYONGEZA: Nimerudi, asanteni. Mdau aliyesema niache ushamba, hiyo ni koneksheni ya maisha: nimekusikia, lipia wewe muhula mmoja halafu tuongee koneksheni.

Aliyeuliza kwa nini asingeingia sororiti za weusi, kama ile ya Kamala Harris: Alpha Kappa Alpha ilianzia Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908 na hizo zina utaratibu wao tofauti, hazina rashi hii ya Agosti, nyingi hazina majumba ya kulipia, na mtu anaweza kuingia hata akishamaliza chuo. Nako kuna kulipa, na kwa kawaida unatoa donge zito mwanzoni. Nilimtajia, akasema marafiki zake wa bwenini walikuwa wanakwenda huku. Miaka 19, ndivyo walivyo.

Aliyeuliza baba yake yuko wapi: yupo. Alisoma bili, akasema "hayo ni mambo ya kike", akalala.

Dada uliyenielekeza niombe jedwali la mwaka mzima kwa maandishi, na binti ndiye aandike, siyo mimi, Mungu akubariki. Aliandika jana usiku nikiwa nimemsimamia kwenye simu ya video, sentensi tatu tu: naomba kila malipo ya mwaka wa pili, ya lazima na ya hiari, na tarehe zake, naomba utaratibu wa kuomba msamaha wa kuishi kwenye nyumba, sitasaini kabla ya kupata majibu. Alitetemeka kuituma, anaogopa wataona ni maskini. Nikamwambia mwanangu, si kosa, ndiyo hali.

NYONGEZA YA 2: Jibu limekuja. Kumbe msamaha wa nyumba upo, una fomu, na barua inakwenda kwa shirika la jengo, siyo kwa tawi. Wanakaa kikao mara moja tu kwa muhula, na cha muhula huu ni Jumatano. Jedwali nalo wametuma, lina mistari 17. Nimefika mstari wa tisa, umeandikwa "mengineyo, dola 200". Nimemrudishia binti aulize mengineyo ni nini.