Je, Kanuni ya Peter ni mzaha tu, au inaeleza yanayotokea shuleni kwetu?

MwalimuHisabati:
Wanajukwaa, habari za leo. Nimefundisha hisabati kwa miaka 14, na matokeo ya kidato cha nne katika somo langu yamekuwa mazuri kiasi kwamba mwezi uliopita niliitwa na kuambiwa kuwa ninafikiriwa kwa nafasi ya mkuu wa shule. Ninashukuru, lakini ninaogopa. Mkuu tuliye naye, ambaye anakaribia kustaafu, alikuwa mwalimu wa kemia ambaye wanafunzi walimfuata maabara hadi jioni. Tangu akabidhiwe ofisi, mafaili hayasogei, walimu hawaelewani, na yeye mwenyewe amekosa raha. Kanuni ya Peter inasema kuwa kila mfanyakazi hupandishwa cheo mpaka afike pale ambapo kazi inamshinda. Iliandikwa kama kejeli. Je, ina ukweli, na mtu aliye katika hali yangu afanyeje?

Mtafiti_Uchumi:
Mwalimu, hujakosea kuihusisha na shule. Laurence J. Peter mwenyewe alikuwa mwalimu nchini Kanada, na kitabu alichokitoa mwaka 1969 pamoja na mwandishi Raymond Hull kina mifano mingi ya walimu. Hoja yake ni kwamba anayefanya vizuri hupandishwa, ilhali anayeshindwa hapandishwi tena wala hashushwi, hivyo hubaki hapohapo, na baada ya miaka viti vingi hukaliwa na watu waliokwisha kushindwa. Katika maelezo haya hakuna mvivu wala mjinga. Mwalimu wenu wa kemia hakupoteza akili alipoingia ofisini. Alipewa kazi nyingine kabisa.

Kuhusu ukweli wake, mwaka 2019 wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za wauzaji katika kampuni 131 za Marekani. Waligundua kwamba waliouza sana ndio waliopandishwa kuwa mameneja, lakini kadiri meneja alivyokuwa muuzaji hodari hapo awali, ndivyo utendaji wa watu waliowekwa chini yake ulivyoelekea kushuka. Waliozoea kuuza kwa kushirikiana na wenzao waligeuka kuwa mameneja bora zaidi. Kwa hiyo ningekuuliza hivi: umewahi kumsaidia mwalimu mwenzako mpaka darasa lake, wala si lako, likainuka?

KaraniWaZamani:
Mimi naona Peter alikuwa mpole. Mchoraji katuni wa Marekani, Scott Adams, aliandika katika miaka ya 1990 kwamba wasioweza kazi hupelekwa moja kwa moja kwenye uongozi, ambako madhara yao ni madogo. Katika ofisi niliyofanya kazi, aliyevuruga hesabu za stoo alifanywa msimamizi ili asiiguse leja tena. Hata hivyo, kwa shule sikubaliani na Adams hata kidogo, kwa sababu mkuu wa shule huligusa kila darasa kupitia ratiba, fedha za chakula na hata chaki.

AfisaUtumishiMstaafu:
Mwalimu, kiini cha tatizo ni kwamba cheo kimekuwa ndiyo shukrani pekee tunayojua kumpa mfanyakazi bora. Peter alitaja njia ya kujifanya mzembe katika jambo dogo ili usipandishwe. Usiifuate, kwani wanafunzi wanakuona. Omba kukaimu kwa muhula mzima huku ukibaki na vipindi vichache, na mkubaliane kwa maandishi kwamba ukirudi darasani hilo halitahesabiwa kuwa adhabu. Katika kazi yangu nimeona watu waliokaimu wakarudi kwenye kazi yao ya awali wakiwa na heshima zao zote, lakini aliyethibitishwa ni vigumu sana kushuka, hata pale anapotamani mwenyewe.

MwalimuHisabati:
Nawashukuru nyote. Ndugu Mtafiti, kwa miaka miwili nimekuwa nikiandaa masomo pamoja na mwalimu mpya wa kidato cha pili, na wanafunzi wake sasa wanafanya vizuri kuliko wangu; sikuwahi kudhani kwamba hilo lina uzito wowote katika jambo hili. Jumatatu nitaandika barua ya kuomba kukaimu. Nitamwomba pia mkuu wetu aniketishe na mafaili hayo kabla hajaondoka, kwa kuwa yeye ndiye anayejua yanakwamia wapi.