Mbao za ubavuni zinainuka huku omo (mbele ya meli), modeli ya meli. Nibandue au nijaze pati ya kuziba mianya?

Taruma_la_Kwanza:
Wakuu habari zenu. Nina modeli ya meli ya milingoti miwili, skeli 1:64, imekuja kwenye boksi na mataruma (zile mbavu za meli) yameshakatwa kwa leza. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, niliuhakiki kwa rula haujapinda, mataruma yakakaa wima, sitaha ikaingia bila ubishi, nikasema hapa kazi imeisha. Shida imeanza kwenye kupiga mbao za ubavuni, zile nyeupe laini, upana milimita 5 unene 1.5. Nilianzia juu usawa wa sitaha nashuka. Ya kwanza safi, ya pili safi kiasi, ya tatu ikifika omo ukingo mmoja unainuka unapanda juu ya mwenzake, ya nne ndo kabisa haigusi taruma la mbele hata niibane vipi, nikiachia tu inafyatuka. Na nimeziloweka usiku kucha. Kijitabu chenyewe kinasema "piga mbao za tabaka la kwanza" basi, picha inayofuata meli imeshavaa mbao zote inang'aa, wao waliruka hapo katikati. Sasa niendelee kwa nguvu alafu nijaze pati, au nibandue? Gundi natumia supagluu maana ile nyeupe ya mbao naona inachelewa kushika. Msaada jamani kabla haijapita dirishani.

FundiMkuku:
Mkuu iache dirisha, hilo karibu kila mtu linampata meli ya kwanza. Siyo maji wala gundi. Ukanda wa mbao kama huo unakubali vitu viwili: kupinda kwa bapa, na kujisokota. Kupinda kwa ubavu wake, yaani umeulaza bapa alafu unausukuma juu ili umfuate mwenzake, haukubali, na ukiulazimisha ndo unainua ukingo. Sasa kinachokulazimisha usukume ni kwamba mbao zako ni pana mno huko mbele.

Fanya hivi. Chukua ukanda wa karatasi, ulaze juu ya taruma la katikati ya meli, tokea sitaha mpaka mkuku, ukifuata mviringo wote, weka alama. Rudia kwenye taruma la kwanza omo. Tuseme katikati umepata milimita 100, mbao ya milimita 5, maana yake zinaingia 20. Omo tuseme umepata 60. Mbao ni zile zile 20, hazipungui njiani, kwahiyo kila moja ikifika omo inatakiwa iwe na milimita 3. We umezipeleka zote na 5 zake. Unaona zitaenda wapi? Hazina pa kwenda zaidi ya kupandana.

Upunguzaji wenyewe: laza mbao kwanza bila gundi, angalia ni taruma gani inaanzia kubanwa na mwenzake, piga penseli hapo, kutokea hapo mpaka mwisho punguza taratibu mpaka ifike hizo 3. Ibane kati ya rula mbili za chuma, kinachochomoza unakiondoa kwa randa ndogo au msasa uliobandikwa kwenye kigogo kilichonyooka. Kisu kinafanya kazi ila kinafuata nyuzi za mbao, ukizubaa kinaingia ndani. Punguza upande mmoja tu, ule utakaogusana na mbao iliyokwisha pigwa.

Alafu usishuke chini ya nusu ya upana, yaani 2.5 kwa mbao zako. Ikiwa nyembamba kuliko hapo inapasuka, pini haishiki, na hata kwa macho ni mbaya. Hesabu ikikudai chini ya nusu, mbao moja isifike omo, ikatie juu ya taruma la pili au la tatu na jirani yake achongwe achukue nafasi. Huku tezi (nyuma ya meli) ni kinyume, pale chini karibu na usukani unakuta nafasi inapanuka, hapo usivute mbao kuziba, acha upenyo wa pembetatu uje uujaze na kipande baadaye.

BintiSitaha:
Yote aliyosema Fundi sahihi ila naongezea kitu, kaka umesema mataruma yamekatwa kwa leza. Leza inakata wima, kwahiyo ukingo wa taruma uko mraba. Katikati ya meli sawa, lakini omo ubavu unapinda kuelekea mkuku wa mbele, mbao inapita kwa mshazari, sasa pale kwenye taruma la kwanza na la pili inagusa kona tu. Ndo maana ukiachia inafyatuka, gundi haina eneo la kushika.

Kabla ya mbao yoyote yale mataruma yalitakiwa yapigwe msasa mshazari, namba 80 au 120 kwenye kigogo kirefu kinachofika mataruma matatu kwa pamoja, usipige moja moja utatengeneza mabonde. Ule weusi wa leza ndo kipimo chako, upande unaochongwa weusi unaanza kupotea, unachonga mpaka ubaki mstari mwembamba sana kwenye kona ya pili. Ukiona mstari wote umekwisha simama hapo hapo, umeanza kupunguza umbo la meli. Alafu laza ukanda mmoja toka omo mpaka tezi, weka taa upande wa pili. Mwanga ukipenya kati ya ukanda na taruma lolote, rudi kwenye msasa.

Na pale omo kati ya taruma la kwanza na la pili jaza balsa uichonge ifuate mviringo. Maboksi mengi hayakuambii hili, inasaidia ajabu.

ZeeLaPati:
Mnamtisha kijana wa watu 😂 Tabaka la kwanza nani analiona? Jaza pati, piga msasa, juu inakuja tabaka la pili la walinati maisha yanaendelea. Na chini ya mstari wa maji unaweza ukaficha dhambi zote. HMS Victory yenyewe, ile meli ya kivita ya Uingereza, ilivikwa bati za shaba 1780, nenda mtazame mbao zake chini kama utaziona. Na zile modeli za Uingereza za karne ya 17 zilizotengenezwa kwa skeli 1:48, nyingi huku chini waliacha mataruma wazi kabisa bila ubao, leo ziko makumbusho watu wanazishangaa.

FundiMkuku:
@ZeeLaPati nacheka lakini nakukatalia 😄 walinati ya tabaka la pili kwenye maboksi mengi ni nusu milimita tu. Kila bonde na kila kilima cha chini kinatokea juu yake, na ukipiga msasa kusawazisha unatoboa unakuta nyeupe inakuchungulia. Alafu hata hiyo walinati nayo inadai kupunguzwa upana omo vile vile, sasa kama hakujifunza kwenye mbao ya bei chee isiyoonekana atajifunzia wapi? Pati kidogo kwenye mianya midogo sina neno nayo, ila ubao uliopanda juu ya mwenzake siyo kazi ya pati.

ZeeLaPati:
Hapo kwenye kujifunza nimekuelewa. Pati yangu siiachi lakini.

MvukeTu:
Mi nije na la maji. Kuloweka usiku kucha mbao ya 1.5 ni kuizamisha bure. Mbao ikilowa inavimba kwa upana, ukiigandisha ingali mbichi ikikauka inasinyaa, wiki ijayo unaona mianya. Maji yenyewe hayapindishi, kinachopindisha ni joto. Iloweke kidogo tu, alafu ipitishe kwenye pasi ya moto ukiivuta taratibu kwa kidole huku inapinda, utasikia ule mchirizo wa mvuke, ikishapoa inabaki na umbo lake. Ikauke kabisa ndo upake gundi. Mbao nzuri unatakiwa uiweke mahali pake ikae yenyewe bila kubanwa, kibanio kiwe cha kuishikilia tu mpaka gundi ikauke.

Supagluu sijaipinga, ila ikishika imeshika huna nafasi ya kusogeza nusu milimita. Omo pale tumia gundi nyeupe na vibanio vya nguo. Na fungua madirisha, ule moshi wake unachoma macho.

Taruma_la_Kwanza:
Aisee. Nimepima sasa hivi kwa karatasi, katikati 92, omo 51. Kwahiyo mbao 18 na kitu, nigawe 51 kwa 18 nipate kama 2.8, bado iko juu ya nusu, sivyo? Na mataruma ya mbele ni kweli meusi yote, sikuyagusa na msasa hata kidogo. Nitabandua. Swali, supagluu inabandukaje bila kuvunja taruma?

BintiSitaha:
2.8 iko poa, huhitaji kukatia yoyote njiani. Kubandua, asetoni, ile inayotumika kutoa rangi ya kucha, hakikisha kwenye chupa imeandikwa ina asetoni maana nyingine hazina. Paka kwa brashi ndogo pale ubao unapogusana na taruma, subiri ilegee, ingiza kisu bapa usogee polepole, ikigoma ongeza asetoni usivute. Mbali na moto tafadhali. Kama kuna sehemu ulitumia gundi nyeupe hiyo asetoni siyo dawa yake, tumia spiriti au maji ya moto. Ukimaliza acha mataruma yakauke kabisa ndo uanze msasa.

FundiMkuku:
Na moja tu, umepiga nne zote upande mmoja au unabadilisha?

Taruma_la_Kwanza:
Upande mmoja mkuu, kushoto. Kulia sijaanza.

FundiMkuku:
Basi afadhali unabandua. Ukianza upya piga moja kushoto moja kulia, jozi kwa jozi. Mbao zikivuta upande mmoja mkuku unapinda kama ndizi, na huo ukishapinda na gundi imekauka hakuna pasi ya kuunyoosha. Weka rula chini ya mkuku kila ukimaliza jozi mbili tatu. Na zile utakazobandua usitupe, ndo utakatia vipande vya pembetatu vya tezi.