Sijaweka rezista hata moja, mbona wimbi linakufa?

mjukuu_wa_gereji: Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa pili, umeme. Likizo hii nashinda gereji kwa mjomba. Jana kaletewa kipanya kinachorukaruka. Mjomba hana kipimo: anakandamiza kona ya mbele mara mbili tatu, anaachia, anatazama. Gari ikipanda, ikashuka, ikatulia, shokapu ni nzima. Hiki kilicheza kama kitanda cha springi. "Imekufa hii." Kuchungulia chini, mafuta yamevuja.

Nikakumbuka maabara. Tulichaji kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme) ya maikrofaradi 1, tukaiacha ijimwage kwenye koili ya milihenri 10. Kwenye osiloskopu, ile skrini inayochora umeme, wimbi likacheza kama mara 1,600 kwa sekunde, kila kilele karibu nusu ya kilichotangulia, mpaka mstari ukalala. Mwalimu akasema hesabu yake ni ileile ya gari. Sawa, lakini shokapu iko wapi hapo?

waya_mwekundu: Umeifunga bila kujua, mkuu. Koili ni waya mrefu wa shaba, na shaba ina ukinzani: inauzuia umeme kidogo, kama rezista. Ipime kwa multimita, lete jibu.

mzee_wa_springi: Kijana, uzito wa gari ndio koili: vyote viwili havipendi kugeuzwa ghafla. Springi ndiyo kapasita, inatunza halafu inarudisha. Nishati inapigwa danadana kati ya hao wawili. Shokapu haitunzi kitu, inakula nishati na kutoa joto. Tembea kilomita kadhaa kwenye barabara ya matuta kisha isogelee kwa mkono, utanielewa.

kona_kali: Si afunge iliyo ngumu kuliko zote, tumalize?

mzee_wa_springi: Hapana, ugumu wa shokapu una mpaka. Kona moja ibebe kilo 300, springi iwe ya niutoni 20,000 kwa kila mita. Zidisha, tafuta kipeuo cha pili, kisha mara mbili: karibu 4,900. Chini ya hapo gari inacheza. Juu yake inarudi kwa kujikokota, na kila shimo linakupiga kiunoni. Gari ndogo nyingi hufungwa karibu theluthi ya mpaka huo, kwa hiyo kuyumba kidogo ni makusudi. Kwa mzunguko wako wa umeme, gawanya koili kwa kapasita, kipeuo, mara mbili. Mpaka wa ukinzani ni ohm 200.

mjukuu_wa_gereji: Nimerudi. Mwenzangu aliyebaki chuoni kapima koili: ohm 20. Yaani sehemu moja ya kumi ya mpaka, na ukipiga hesabu kila kilele kinabaki na 0.53 ya kilichotangulia. Ndiyo ile nusu!

Kipanya nacho nilikirekodi kwa simu kabla hakijafunguliwa, rula pembeni. Sentimita 4, kisha 3, kisha 2 na kidogo. Robo tu ndiyo inapotea kila mzunguko, kwa hiyo shokapu ilibakiwa na chini ya asilimia 5 ya mpaka. Nimempelekea mjomba karatasi yenye hesabu zote. Kaitazama, kaniambia nimletee spana namba 17.