Eti maji taka ya mafuta yanafukiwa chini halafu yatumike tena, imekaaje hii?

MtuWaMkomani
Asalaam aleikum wadau. Binamu yangu anaendesha lori la maji kwenye visima vya mafuta huko Texas, jana kanitumia voisi ya dakika saba eti maji machafu yanayotoka na mafuta wanayasukuma chini ya ardhi wayaweke, wakiyataka wanayavuta tena. Sasa mimi nauliza, sisi huku Lamu ukivuta tu kisima kupita kiasi maji yanageuka chumvi, hao wanamwaga uchafu makusudi na wanakunywa nini?

Fundi_Pampu_Malindi
Wa aleikum salaam. Yakhe si tabaka moja. Maji yenu ya Shela ni ya mvua, yamekaa ndani ya mchanga juujuu yakielea juu ya chumvi, ndio ukizidisha pampu chumvi inapanda. Hao wanashuka mamia ya mita hata kupita kilomita, kwenye mwamba wenye maji ya chumvi tangu enzi na juu yake mwamba mgumu usiopitisha. Na si ya kunywa kabisa! Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, hayo ya Permian, yaani eneo la mafuta la huko Texas, mara nyingi yanapita 100, bado mafuta na redio. Wanayatumia kupasulia mwamba kwenye kisima kingine ili mafuta yatoke. Kila pipa la mafuta linakuja na mapipa matatu manne ya maji, na pipa ni lita 159, sasa piga hesabu. Wakiyaacha kwenye bwawa jua la jangwani linayakausha na turubai lililotandikwa chini likitoboka ndio basi.

bintiFaza
Na matetemeko je? Oklahoma 2016 pale Pawnee lilipiga la 5.8, na chanzo ni hayohayo maji ya kusukumwa chini

Fundi_Pampu_Malindi
Kweli dada, hapo sibishi. Presha ikijaa ikafika kwenye ufa wa mwamba wa chini kabisa unateleza. Ndio wanaopenda hii ya kuhifadhi wanasema ukivuta tena presha inashuka, lakini mpaka uyavute kweli, sio useme utayavuta. Mimi kinachonitia wasiwasi ni kesingi, lile bomba la chuma linaloshika kuta za kisima. Juzi nimetoa bomba la chuma Ngomeni, chumvi imelila mpaka ukilibonyeza kwa kidole linamomonyoka kama biskuti, na hicho ni kisima kifupi tu cha watu. Huko bila simenti nzuri nje ya bomba yanapanda mpaka kwenye maji matamu na hujui mpaka mtu aonje. Tena lazima uyachuje mafuta na uue bakteria kwanza, la sivyo mwamba unaziba.

MtuWaMkomani
Kumbe redio pia imo, mi nikadhani ya kusikiliza 😂 Kwa hiyo wakituletea hiyo hapa?

Fundi_Pampu_Malindi
Radiamu bwana, madini yenye mionzi, nimeandika haraka. Hapo kwenye mchanga wa Shela? Hata choo cha shimo tu mnagombana.

bintiFaza
Sisi jabia letu lina ufa tangu mwaka jana, mvua ikinyesha linajaa, wiki ya pili lishafika nusu. Fundi simenti unauzaje kazi ukija Faza?