Ushauri: miche yangu imekufa, nitumie binomia au mgawanyo wa kawaida?

Mkulima wa Kibosho: Wakuu, salaam. Nilinunua miche ya parachichi aina ya Hass, muuzaji akaniambia haifi zaidi ya asilimia 5. Mingine imekufa. Nimepiga hesabu kwa mgawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele, nikapata uwezekano wa 1 kati ya 1,000 kwamba ingekufa mingi hivi kama anasema kweli. Inakubalika, au nilitakiwa kutumia binomia, ile ya kuhesabu kufa au kupona kwa kila mche? Silali.

Mama Wawili: Pole kaka. Mimi vifaranga vyangu 50 viliisha kwa kideri ndani ya wiki moja. Kachanje kwanza.

Ticha wa Pasua: Miche mingapi? Na imekufa mingapi?

Mkulima wa Kibosho: Ya kutosha tu mwalimu. Nauliza kanuni.

Ticha wa Pasua: Kanuni yenyewe inaanzia kwenye idadi.

Mkulima wa Kibosho: Haya. Ni 20, imekufa 4. Ila barua ya kudai hela nimeshaandika, na kwenye grupu la wakulima nimeshasema jamaa katupiga. Siwezi kukaa kimya nikiibiwa.

Ticha wa Pasua: Zidisha 20 kwa 0.05, unapata mche 1. Kengele huaminika pale idadi unayotarajia ife na unayotarajia ipone zote zinafika angalau 5. Wengine hudai 10. Kwako kengele inahesabu hadi miche pungufu ya sifuri! Kwa binomia, kufa 4 au zaidi ni kama asilimia 1.6, mara 15 hivi ya jibu lako. Hata ukirekebisha kwa kuanzia 3.5 badala ya 4, maana kengele haihesabu kwa namba nzima, inakupa asilimia 0.5 tu. Mwanahisabati De Moivre alileta njia hii ya kengele mwaka 1733 kwa sababu binomia ya majaribio mengi ilikuwa mateso kuihesabu kwa mkono. Ya 20 simu yako inaiweza.

Mkulima wa Kibosho: 1.6 bado ni ndogo. Barua iende.

Mzee wa Uru: Mwanangu, umemtangaza mtu hata simu hujampigia?

Kijana Majengo: Wakuu, hii chai. 20 na 0.05 ziko kwenye majedwali ya mtihani. Dogo anafanyiwa homuweki.

Mkulima wa Kibosho: Si chai! Niko shambani sasa hivi. Yote minne iko mstari wa chini, pale mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, ulipovunja kingo wakati wa masika. Maji yalituama siku nne.

Ticha wa Pasua: Ndugu yangu, hilo ndilo ungeanza nalo. Binomia inataka kila mche ufe au upone bila kumtegemea mwenzake. Minne iliyozama dimbwi moja ni kama tukio moja, na mizizi ya parachichi huoza upesi kwenye maji. Hapo si kengele wala binomia.

Mkulima wa Kibosho: Barua sijaituma.

Mama Wawili: Mpigie leo kaka, kabla hajasoma kwenye grupu.

Mkulima wa Kibosho: Ameshasoma. Naona tiki za bluu.