Msusi mmoja kutwa nzima, au watatu mara moja?

binti_tabata: Habari zenu wapendwa. Kuna mama anasukia sebuleni kwake huku Tabata, mteja mmoja tu kwa siku. Ukifika hakimbilii chanuo. Anakukalisha dirishani, anapitisha vidole kichwa kizima, anauliza mara ya mwisho ulitia dawa ya kulainisha nywele lini, ulisuka nini, unalala na kilemba au la. Juzi kanikatalia rasta za nywele bandia kabisa, kanisuka twende kilioni za mkono, nywele zangu tupu, na hela kachukua pungufu. Shida kutwa inaishia pale. Shoga zangu wa ofisini wanakwenda Kariakoo, wanashikwa na wasusi watatu, mchana wako huru. Wananiambia najidekeza. Kweli?

fundi_chanuo: Dada, nimesuka Kariakoo miaka kabla sijapata kibanda changu Mwenge. Kule hela ni kwa kichwa na mnagawana, kwa hiyo kichwa kikichelewa wote mmepata hasara. Na kila msusi ana mkono wake: huyu anakaza, yule analegeza. Baada ya siku chache upande mmoja umefumuka, mwingine una vipele kwenye mizizi. Mteja akilalamika anaambiwa meza Panadol, kesho zitalegea. Zikiuma zimekazwa mno, basi! Nywele za mbele na za kando ya masikio ni laini. Zikivutwa hivyo kila mara zinakatika, na mwisho shina linakufa, hapaoti kitu tena. Zenye dawa ndiyo balaa, maana dawa imeshazipunguzia nguvu. Huyo mama kukuuliza habari za dawa si umbea. Anapima akate mafungu ya ukubwa gani, na kama kichwa kitabeba uzito wa rasta.

mama_wawili_kgb: Mnaongea tu. Mie nina kazi na watoto, hiyo kutwa naitoa wapi? Watatu wanisuke. Ila mbele nawaambia walegeze, anayebisha nanyanyuka nimesukwa nusu hivyo hivyo.

fundi_chanuo: Sawa kabisa mama. Ongeza hili: mbele yote, sikio hadi sikio, ashike msusi mmoja mwenye mkono mwepesi. Hao wengine wabanane kisogoni.

binti_tabata: Hiyo ya sikio hadi sikio nawapelekea shoga zangu kesho. Mie Jumamosi niko dirishani kwa mama, na ubuyu wangu.