Naomba ushauri: penseli za rangi za maji zisizo na mti

Ndugu wanachama, naomba ushauri kuhusu penseli za rangi za maji zisizo na mti, hasa Cretacolor AquaMonolith kutoka Austria, ambazo ni kijiti kizima cha rangi kilichopakwa vanishi nyembamba tu. Kinachonivutia ni kwamba ukiilaza ubavu unajaza anga lote kwa kupitisha mkono mara chache, na hata unga unaobaki kwenye kichongeo hautupwi, kwani ukiloweshwa kwenye kisahani huwa rangi ya brashi. Hofu yangu ni kuvunjika, maana mimi huchorea nje na vifaa hukaa mkobani. Je, mliozitumia kwenye karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, mistari iliyokandamizwa huyeyuka yote ikipitishiwa brashi yenye maji, au alama hubaki? Na ni rangi zipi zinazopauka upesi picha ikitundikwa ukutani? Bei yake, kwa kweli, si ya kujaribia.